Merengue, salsa na tango: kucheza wawili wawili kunamsaidia nini mzee

Mwaka 2016, kwenye mkutano wa American Heart Association, chama cha Marekani kinachoshughulika na magonjwa ya moyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago walieleza walichokipata baada ya kuwafundisha wazee kucheza. Hawakuwafundisha kunyoosha viungo wala kukimbia kwenye mashine. Waliwafundisha merengue, bachata, cha-cha-cha na salsa, mtu na mwenzake, wameshikana mikono, mara mbili kwa wiki kwa muda wa miezi 4.

Mpango huo unaitwa BAILAMOS, neno la Kihispania lenye maana ya "tunacheza". Aliyeuanzisha ni Profesa David Marquez wa chuo hicho, na hatua za dansi zilipangwa na mwalimu wa kucheza, Miguel Mendez. Walengwa walikuwa wazee wa Chicago wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini, kundi ambalo kisukari kinalisumbua sana na ambalo, kwa mujibu wa takwimu za Marekani, hupata ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer takribani mara moja na nusu kuliko wazee Wazungu. Wengi wao hawaingii kwenye vyumba vya mazoezi. Ada ni tatizo, lugha ni tatizo, na kusema kweli wengi hawaoni sababu ya kunyanyua vyuma ukiwa na miaka 68. Lakini muziki wa merengue wanaujua tangu utotoni. Watafiti wakaona ni heri kuanzia hapo.

Katika makala haya tunaeleza walichokiona, tunaongeza tafiti nyingine tunazoziamini, na tunasema wazi ni wapi dansi haisaidii. Mwishoni tunagusa jinsi mzee wa kwetu, aliyekulia kwenye rumba, anavyoweza kuanza.

Mita 400

Wazee waliohusika katika matokeo yale ya 2016 walikuwa 54, wastani wa umri wao miaka 65, na wengi wao walikuwa na asili ya Mexico. Waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilicheza, kundi la pili lilihudhuria masomo ya afya bila kucheza.

Kipimo kikubwa kilikuwa kutembea mita 400, yaani mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha. Kipimo hiki kinaonekana chepesi, ila madaktari wa wazee wanakiheshimu sana. Mzee anayeshindwa kuumaliza mzunguko huo yuko karibu na kushindwa mambo mengi: kwenda sokoni mwenyewe, kufika msikitini au kanisani, kupanda daladala bila kushikwa. Kabla ya kuanza, wachezaji walitumia kama sekunde 430, ambazo ni dakika 7 na sekunde 10. Baada ya miezi 4 walitumia sekunde 392, dakika 6 na sekunde 32.

Unaweza kusema sekunde 38 si kitu. Tupige hesabu. Mwanzo mwendo wao ulikuwa mita 0.93 kwa sekunde, mwisho ukawa mita 1.02. Taa za kuvukia barabara nchini Marekani hupangwa kwa mtu anayetembea takribani mita 1.07 kwa sekunde. Kwa hiyo wazee wale walianza wakiwa watu ambao taa huwageukia nyekundu wangali katikati ya barabara, wakamaliza wakiwa wamebakiza kidogo tu kufikia mwendo wa mji. Anayeishi mjini anajua tofauti hiyo ina maana gani.

Jambo la pili lilikuwa muda wa kujishughulisha. Walipoulizwa, wachezaji walisema kabla ya mpango walikuwa na dakika 650 kwa wiki za kutembeza mwili wakati wa mapumziko, na baadaye dakika 818. Ongezeko hilo ni dakika 168, wakati masomo yenyewe yalikuwa ya saa moja mara mbili kwa wiki, yaani dakika 120. Zile 48 zilizozidi wamezipata wapi? Inaelekea ni kwamba mtu akishaanza kujisikia mwepesi huongeza matembezi, huamka kupalilia bustani, huacha kuagiza kila kitu kwa wajukuu. Ila tukumbuke dakika hizi walizitaja wenyewe, hazikupimwa kwa saa, na watu 54 ni wachache. Matokeo haya yanatia moyo, lakini hayatoshi kuwa hukumu.

Mwili unafanya nini hasa

Wengi hudhani faida ya dansi ni kutoa jasho tu. Jasho lipo, na moyo unanufaika nalo kama unavyonufaika na kutembea haraka. Lakini kinachoifanya dansi ya wawili kuwa tofauti na kutembea ni namna uzito unavyohamishwa.

Chukua merengue, ambayo ni rahisi kuliko zote. Inatoka Jamhuri ya Dominika. Kila pigo la ngoma ni hatua moja, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayepiga kwata mahali pamoja, isipokuwa goti linakunjwa na nyonga inaachiwa ifuate. Kila hatua inataka mwili wote uhame kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kwa kijana ni jambo dogo. Kwa mtu wa miaka 75, kusimama juu ya mguu mmoja hata kwa sekunde moja ndiko kunakomshinda anapovaa suruali au anapoingia bafuni.

Bachata, nayo ya Dominika, huenda upande: hatua tatu, kisha ya nne mguu unagusa tu bila kubeba uzito. Hapo mwili unajifunza kusimama. Kutembea kwa kawaida ni kwenda mbele tu, na misuli ya pembeni ya nyonga hulala. Misuli hiyo ndiyo inayomzuia mtu asiporomoke ubavuni, na kuanguka kiubavu ndiko kunakovunja nyonga. Cha-cha-cha, aliyoibuni mpiga fidla Enrique Jorrín mjini Havana mwanzoni mwa miaka ya 1950, ina hatua mbili za polepole na tatu za haraka. Salsa ni hatua sita ndani ya mapigo manane, mawili yakiachwa tupu, na hayo mawili ndiyo huwachanganya wanaoanza.

Tango ya Argentina ina ladha nyingine. Ni kutembea, lakini kutembea kwa makusudi: mbele, nyuma, kusita, kugeuka, kusimama katikati ya hatua ukiwa umebeba uzito upande mmoja. Kurudi nyuma ni zoezi ambalo wazee karibu hawalifanyi kabisa katika maisha ya kila siku, na wengi huanguka pale wanapolazimika kurudi nyuma, kwa mfano wanapofungua mlango unaovutwa.

Watafiti wa Uswisi waliwahi kuwapa wazee 28 wenye afya njema wiki 8 za salsa, mara mbili kwa wiki, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Waliocheza walisimama kwa utulivu zaidi na hatua zao za kutembea zikawa ndefu na za haraka zaidi. Nguvu za miguu hazikuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Tunalitaja hili kwa sababu mara nyingi dansi husifiwa kana kwamba inatibu kila kitu. Haijengi misuli kama inavyojengwa kwa kuinuka na kuketi kwenye kiti mara kumi, au kwa kupanda ngazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na pamoja na hayo mazoezi ya nguvu siku mbili, na mazoezi ya kuimarisha uwezo wa mwili kujishikilia siku tatu. Dansi inagusa la kwanza na la tatu. La pili litafutiwe njia nyingine.

Kichwa nacho kinacheza

Mwaka 2003 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa eneo la Bronx, New York. Watu 469 waliovuka miaka 75, wote wakiwa hawana ugonjwa wa kusahau, walifuatiliwa kwa muda uliofikia wastani wa miaka 5. Katika kipindi hicho 124 walipata ugonjwa huo. Watafiti wakatazama wale ambao hawakuupata walikuwa wakifanya nini zaidi. Kusoma kulionekana, michezo ya ubao kama sataranji ilionekana, kupiga ala za muziki kulionekana. Kwa upande wa shughuli za mwili, kuogelea, kuendesha baiskeli, kutembea na nyinginezo hazikuonesha tofauti. Moja tu ilionesha: kucheza dansi.

Utafiti huu unanukuliwa kila mahali, na mara nyingi unanukuliwa vibaya. Haukuthibitisha kwamba dansi inazuia kusahau. Inawezekana kabisa kwamba mtu ambaye akili yake imeanza kufifia, hata kabla daktari hajaona, huacha kwenda dansini kwa sababu anasahau hatua au anaona aibu. Hapo ugonjwa ndio uliomtoa ukumbini. Lakini hoja ya kwamba dansi inashughulisha ubongo kuliko kutembea ina mantiki. Anayecheza na mwenzake anakumbuka hatua, anasikiliza pigo, anaangalia asimgonge jirani, na wakati huohuo anasoma kupitia mkono na bega la mwenzake ni upande gani wanaelekea. Anayeongoza lazima aamue mapema. Anayefuata lazima aitikie papo hapo. Na wimbo hausubiri.

Nchini Ujerumani, mjini Magdeburg, wazee waliojifunza dansi mbalimbali kwa mwaka mmoja na nusu walilinganishwa na wenzao waliofanya mazoezi ya kawaida. Katika makundi yote mawili sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu iliongezeka ukubwa. Waliocheza tu ndio walioboresha uwezo wa mwili kujishikilia. Dansi zile hazikuwa zote za wawili wawili, lakini kila mara walibadilishiwa hatua, wasiachwe kuzoea. Sisi tunaona hapo ndipo pa kuzingatia: mzee anayerudia hatua zilezile miaka nenda miaka rudi anapata jasho, na kichwa kinapumzika.

Tango na ugonjwa wa Parkinson

Parkinson ni ugonjwa unaofanya mikono itetemeke, mwili ukakamae na hatua zifupike. Mgonjwa anaweza kuganda mlangoni, miguu ikakataa kunyanyuka ingawa anataka kwenda. Huku kwetu wapo wazee wengi wanaosemwa "ni uzee tu" kumbe ni ugonjwa huu.

Gammon Earhart na Madeleine Hackney, wakiwa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwafundisha wagonjwa hawa tango. Katika utafiti wao wa mwaka 2009 walikuwa na wagonjwa 58. Kundi moja lilicheza tango, jingine waltz na foxtrot, la tatu halikucheza. Masomo yalikuwa 20, ya saa moja moja, ndani ya wiki 13. Makundi mawili yaliyocheza yaliboreka katika kujishikilia, katika umbali wanaotembea kwa dakika 6, na katika urefu wa hatua wanaporudi nyuma. Tango ilikwenda sawa na zile nyingine au ikazipita. Ile tabia yake ya kusita na kuanza upya ndiyo hasa anayoihitaji mtu anayeganda. Pigo la muziki nalo linampa ishara kutoka nje, pale ishara ya ndani ya ubongo inapochelewa.

Je, ni lazima kuwe na mwenza? Watafiti haohao walijaribu, wakachapisha mwaka 2010: kundi moja tango kwa kushikana, kundi jingine hatua zilezile kila mtu peke yake. Wote waliboreka. Lakini waliocheza na wenza walifurahia zaidi na walitaka zaidi kuendelea. Kwetu sisi jibu hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, maana zoezi lililoachwa mwezi wa pili halimsaidii mtu mwezi wa tano. Mzee aliye peke yake nyumbani, ambaye watoto wamehamia mjini na mwenziwe ametangulia, anaweza kumaliza wiki nzima bila kushikwa mkono na mtu. Ukumbini anashikwa mkono, anaitwa jina, na asipokuja anaulizwa.

Na kuanguka?

Swali tunalolipata mara kwa mara wakati wa kipindi cha nyimbo za zamani hutoka kwa watoto wa wazee. Mama alianguka mwaka jana, tangu hapo tumemwambia atulie, asitoke peke yake. Sasa amesikia wimbo redioni akasimama kucheza. Tumzuie?

Hofu hiyo haitoki hewani. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na wanaokufa zaidi ni waliovuka miaka 60. Nyonga iliyovunjika humlaza mtu kitandani, na kulala kitandani huleta mapafu kujaa, vidonda vya mgongo na damu kuganda. Kwa upande mwingine, mzee aliyekatazwa kutembea hudhoofika. Misuli ya paja hupungua, macho na sikio la ndani hukosa kazi, na siku atakayolazimika kunyanyuka usiku kwenda chooni ataanguka kwa urahisi kuliko mwanzo. Familia nyingi, kwa mapenzi kabisa, humtayarisha mzee wao kuanguka mara ya pili.

Lakini tusikimbilie kusema dansi inazuia kuanguka. Mjini Sydney, Australia, watafiti walilijaribu hilo kwa upana: vijiji 23 vya wastaafu, wakazi 530, dansi za kijamii kwa mwaka mzima, katika baadhi ya vijiji zile za ukumbini na katika vingine za kiasili. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Idadi ya waliokuwa wakianguka haikupungua ikilinganishwa na vijiji visivyocheza. Tena, miongoni mwa wale ambao tayari walikuwa na historia ya kuanguka mara nyingi, waliopewa dansi walionekana kuanguka zaidi.

Kwa hiyo jibu kwa watoto wa yule mama linategemea alianguka vipi. Aliyeteleza mara moja kwenye sakafu yenye maji, akainuka, na hana tatizo jingine, hana sababu ya kunyimwa muziki. Aliyeanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka, au anayeona kizunguzungu akisimama, au aliyepoteza fahamu, huyo aonwe na daktari kwanza. Huenda ni dawa za presha zimezidi, huenda ni macho, huenda ni moyo. Akishapimwa, aanzie kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na dansi ije baadaye, akiwa na mtu wa kumshika, bila mizunguko.

Wapo pia wanaopaswa kusubiri: aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi hivi karibuni, aliyefanyiwa upasuaji wa goti au nyonga na hajaruhusiwa, mwenye maumivu ya kifua anapopanda ngazi. Mwenye kisukari anayetumia insulini aje na kitu kitamu mfukoni na akague nyayo zake kila baada ya kucheza, kwa maana ganzi ya miguu humficha mtu malengelenge mpaka yawe kidonda. Mwenye magoti mabovu anaweza kucheza bachata ya upande kwa hatua fupi, asipinde goti chini sana, wala asigeuke huku unyayo umeng'ang'ania sakafu. Hapo ndipo goti hujisokota.

Wazee wetu na rumba

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani haya ni mambo ya ng'ambo. Si hivyo kabisa. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya santuri ya Kiingereza ilianza kuuza Afrika sahani zenye alama ya GV, na nyingi zilikuwa za muziki wa Cuba. Zilifika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, zikafika na pwani yetu. Wakongo wakautambua muziki ule kama mtoto wao aliyerudi nyumbani, kwa sababu chimbuko lake lina mchango mkubwa wa watumwa waliotolewa Kongo. Wakauchukua, wakauimba kwa Kilingala, na mwaka 1960 African Jazz ya Joseph Kabasele ikapiga Indépendance Cha Cha, ambayo jina lake tu linaeleza watu walikuwa wakicheza nini. Morogoro kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na jina hilo nalo halihitaji maelezo. Desemba 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, ambamo tango ilikwishaingia mwaka 2009, merengue mwaka 2016 na bachata mwaka 2019.

Maana yake kiafya ni hii. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 sasa amevuka 70, na wengi wa umri huo walikwenda dansini wakacheza rumba, bolero na cha-cha-cha wakiwa wameshikana. Hatua bado ziko miguuni. Hatufundishi lugha mpya, tunamkumbusha mtu lugha yake. Wale wa Chicago walianzia kwenye muziki ambao wazee wao waliujua tayari, na sisi tunao wa kwetu.

Kuna la mila. Si kila familia itakubali bibi ashikwe kiuno na mwanamume asiye mumewe, na wapo wanaozuiwa na dini. Hilo lisifanywe kikwazo. Kushikana viganja kwa umbali wa mikono miwili kunatosha kwa merengue na cha-cha-cha. Akina mama wanaweza kucheza wao kwa wao, na kwa kawaida hulazimika, kwa kuwa madarasa ya wazee karibu kila mahali huwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Tunashauri wabadilishane kuongoza. Mjukuu wa miaka 12 naye ni mwenza mzuri, mradi afundishwe asimvute bibi yake.

Kuanza, wiki ya kwanza

Sakafu iwe kavu na isiwe na zulia linalojikunja. Malapa hayafai hata kidogo, wala viatu vya raba vinavyong'ang'ania. Kiatu kiwe cha kufunga, soli bapa inayoteleza kidogo, kisigino kifupi. Kiti kiwe karibu, na maji pia. Anza na dakika 10, kwa wimbo wa taratibu, hatua za merengue mahali pamoja huku mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, ndipo mwenza aingie. Kama mzee anaweza kuzungumza akicheza lakini hawezi kuimba, kasi ni nzuri. Akishindwa kumaliza sentensi, punguzeni. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ni ishara ya kukaa chini na kutafuta msaada.

Mizunguko iachwe mpaka mwezi wa pili au wa tatu, na ikija, mtu azunguke nusu kisha asimame. Ukumbi usiwe na kiza kama wa vijana, kwa sababu mzee hutegemea macho kujua amesimama vipi. Mara mbili kwa wiki ndicho kiwango kilichotumika katika tafiti nyingi tulizozitaja, na mabadiliko yalipimwa baada ya miezi miwili mpaka minne. Anayetarajia tofauti baada ya wiki mbili atakata tamaa bure.

Kwa wanaotumia nyimbo za Kongo, tahadhari moja inatosha. Sehemu ya kwanza ya wimbo huenda polepole na inafaa sana kwa wazee. Kisha linaingia sebene, magitaa yanakimbia, na hata aliyekuwa na fimbo anataka kuruka. Mwekeni mtu wa kushusha sauti taratibu kabla ya hapo, au mkubaliane mapema kwamba sebene likianza, wenye magoti mabovu wanakaa na kupiga makofi.